Mitaa ya Atlanta Ambako Mpaka Huamua Mbunge

UKIFIKA Atlanta, mji mkuu wa jimbo la Georgia kule Marekani, panda garimoshi papo hapo kwenye uwanja wa ndege uelekee kaskazini. Utayapita majumba marefu ya katikati ya jiji, kisha miti itaanza kuwa mingi kuliko nyumba. Garimoshi likikufikisha Sandy Springs, tafuta gari uendelee hadi Roswell, Alpharetta na Johns Creek.

Hii, msomaji, ni mitaa ya watu wenye nafasi. Nyumba zina bustani na wakazi wengi wamesoma hadi chuo kikuu. Kwa muda mrefu ilikuwa ngome ya chama cha Republican, katika eneo-bunge nambari 6. Hapa ndipo palipomchagua Newt Gingrich, aliyekuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi mwaka wa 1995.

Mwaka wa 2012 Mitt Romney alimshinda Rais Barack Obama hapa kwa tofauti ya asilimia 23 hivi. Miaka minne baadaye Donald Trump alipita kwa asilimia moja na nusu tu. Kulikuwa na nini?

Mambo mawili. Kwanza, wasomi wengi waliozoea kuwapigia kura Republican hawakupendezwa na Trump. Pili, majirani walibadilika. Shuka Doraville utembee kando ya barabara iitwayo Buford Highway, utaona mabango ya maduka na mikahawa yaliyoandikwa Kikorea, Kihispania na Kivietnamu. Huko Johns Creek, zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne ana asili ya Asia.

Mwaka wa 2017 kukawa na uchaguzi mdogo. Karen Handel wa Republican alipambana na kijana wa miaka 30, Jon Ossoff wa Democratic. Zaidi ya dola milioni 50 zilitumika, na hakuna kiti cha Bunge hilo kilichokuwa kimewahi kugombewa kwa fedha nyingi kiasi hicho. Handel alishinda, lakini kwa kijasho.

Mwaka uliofuata akajitokeza Lucy McBath, mama aliyekuwa mhudumu wa ndege. Mwanawe Jordan Davis, mwenye umri wa miaka 17, alipigwa risasi akafa mwaka wa 2012 katika kituo cha petroli huko Florida, baada ya mtu mzima kulalamika kwamba muziki garini mwao ulikuwa na kelele. Mama huyo aliomba kura akidai sheria kali za bunduki, akamwangusha Handel kwa asilimia moja hivi. Mwaka wa 2020 alishinda tena, safari hii kwa karibu asilimia tisa.

Ungedhani mambo yameisha. La! Huko Georgia wanaochora mipaka ya maeneo-bunge si tume kama ilivyo hapa kwetu. Ni wabunge wa jimbo wenyewe, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mwaka wa 2021 Republican, waliokuwa wengi, walilisukuma eneo hilo kaskazini zaidi, hadi mashambani kwa wafuasi wao. McBath akahamia nambari 7 jirani, akashinda huko mwaka wa 2022. Nambari 6 ikamwendea Rich McCormick wa Republican bila taabu.

Mwaka wa 2023 mahakama ikaamua kwamba ramani hiyo iliwapunguzia wapiga kura weusi nguvu. Ramani nyingine ikachorwa, nambari 6 ikapelekwa magharibi mwa Atlanta, na McBath akaishinda tena mwaka wa 2024.

Na si mara ya kwanza kwa nambari hiyo kuhama. Gingrich alipochaguliwa mara ya kwanza, mwaka wa 1978, ilikuwa kusini na magharibi mwa jiji. Ilipelekwa kaskazini kwa uchaguzi wa 1992, naye akaifuata.

Basi familia ya mitaa ile ya kaskazini ingeweza kukaa nyumba ile ile, ikapiga kura kama kawaida, na bado ikajikuta na mbunge mwingine. Ukizuru huko, usiulize tu nani alishinda. Uliza pia nani alichora mpaka, na lini.