Bia isiyotiwa hamira

Wasomaji wangu, leo hakuna programu wala hifadhidata. Leo ni pombe. (Nyinyi wa soda tu, tukutane wiki ijayo, hatugombani.)

Ubelgiji kuna bia chachu iitwayo lambic, ya Brussels na vijiji vya jirani. Mpishi huchemsha kimea cha shayiri pamoja na ngano, kisha humwaga maji yake kwenye sinia kubwa la wazi yapoe usiku kucha. Hatii hamira. Vijidudu vya hewani na vya kwenye mbao hujiingilia vyenyewe. Halafu inalazwa kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Changa ikichanganywa na ya zamani huitwa gueuze, nayo hufungwa kizibo kama shampeni.

Sasa njoo Lodwar. Unga wa mahindi unalowekwa uchachuke, unakaangwa juu ya bati, unatiwa maji na kimea cha wimbi. Hiyo ni busaa. Hamira ya dukani haihitajiki, chachu imo kwenye kimea na kwenye chombo. Kwa lugha ya kazi yangu, ni programu karibu ileile kwenye mashine mbili.

Kinachotofautiana ni muda. Wabelgiji hupika lambic miezi ya baridi tu, maana joto huleta vijidudu vibaya. Hapa jua linavuka nyuzi 35 na hakuna baridi ya kusubiri. Busaa ni ya siku chache, ikikawia imeharibika. Nilimsimulia mama mmoja mpishi habari za miaka mitatu, akacheka sana. "Kijana wangu, na hiyo miaka mitatu karo atalipa nani?"

Ukifika Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa, hesabu ni kali zaidi. Kambini akina mama wa Sudan Kusini hupika pombe ya mtama, na mtama mwingine ni wa mgao. Wapo wanaowalaumu kwa kugeuza chakula kuwa pombe. Lakini mtama mkavu haununui sabuni wala kuni, pombe inanunua. Mgao wenyewe ulikatwa vibaya mwaka 2025.

Kinachonikera ni sheria. Umoja wa Ulaya uliyalinda majina lambic na gueuze mwaka 1997 kama bidhaa za jadi. Kenya, sheria ya vileo ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa, ikataka leseni. Mlango ukafunguka, ila kwa mwenye kiwanda. Mama wa masufuria mawili bado anamwagiwa pombe yake na askari. Sikatai, chang'aa iliyotiwa kemikali imeua na kupofusha watu. Lakini busaa haipitishwi kwenye mvuke, na kuziweka kapu moja ni uvivu.

Nimeanza kuulizia leseni ya mpishi mdogo kwenye kaunti. Nikipata bei, nitaiandika hapa.