Katika mji wa merikani

Katika nyumba nyingi za kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, akina mama wangali wakiita merikani ile nguo ngumu ya pamba isiyotiwa rangi, ishonewayo foronya na magodoro. Jina hilo halikuzuka bure. Mwaka 1833 Marekani ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, na merikebu za bandari ya Salem, jimboni Massachusetts, zikawa zikileta nguo hiyo kwa majora na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Wapagazi waliibeba mpaka Tabora na Ujiji. Njiani ilikuwa ndiyo fedha: kwa dhiraa zake misafara ilinunua chakula na kulipa hongo.

Basi nilipopelekwa Massachusetts kwa mafunzo mafupi ya kazi, niliona si vyema kurudi bila kuona merikani ilikotoka. Siku ya mapumziko nikapanda gari moshi kutoka Boston mpaka Lowell.

Mji huo ulianzishwa katika miaka ya 1820 penye maporomoko ya Mto Merrimack, na mifereji ikachimbwa ili nguvu ya maji izungushe mitambo. Majengo ya viwanda, marefu na ya matofali mekundu, yangali yamesimama ukingoni. Kimoja, kiitwacho Boott, sasa ni makumbusho. Katika chumba chake cha kufumia mitambo ya zamani huendeshwa hadi leo, na mgeni hupewa vizibo vya masikio. Nilivitoa kidogo ili nijue, nikavirudisha upesi. Sakafu nzima ilikuwa ikitetemeka.

Lowell ilisifika kwa kuajiri wasichana wakubwa kutoka mashambani, lakini watoto nao walikuwamo. Lucy Larcom, aliyekuja kuwa mwalimu na mshairi mashuhuri, aliingia kiwandani mjini humo katika miaka ya 1830 akiwa na umri wa miaka 11. Kazi yake ilikuwa kubadilisha bobini, yaani vile vijiti vinavyozungushiwa uzi. Ni miaka ile ile ambayo merikani ilikuwa ikishuka kwa wingi Zanzibar.

Jioni nilifungua kitabu cha picha nilichokinunua siku hiyo. Picha hizo zilipigwa miaka 70 na zaidi baadaye, na Lewis Hine. Huyu alikuwa mwalimu wa shule mjini New York. Mwaka 1908 aliacha darasa akaajiriwa na Kamati ya Taifa ya Kazi za Watoto, akazunguka viwandani na kamera yake, kutoka majimbo ya kusini mpaka huku Merrimack. Wenye viwanda hawakumtaka. Pengine alijifanya mkaguzi wa moto, pengine muuza Biblia. Alijua kila kifungo cha koti lake kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni, kwa hiyo mtoto akisimama karibu naye alimpima kimo bila kuonekana, na kuandika mkono ukiwa mfukoni.

Katika picha moja ya Desemba 1908, katika kiwanda cha Whitnel, North Carolina, msichana amesimama baina ya mashine za kusokotea uzi. Hine aliandika kuwa kimo chake ni inchi 51, kama sentimita 130. Kwamba amekwisha fanya kazi mwaka mmoja, mara nyingine usiku, kwa senti 48 kwa siku. Alipoulizwa umri wake alisita, akasema hakumbuki, kisha akamnong'oneza kuwa hajafikia umri wa kazi lakini anafanya hivyo hivyo. Katika picha nyingine, ya Macon, Georgia, Januari 1909, wavulana wasio na viatu wamepanda juu ya mashine inayozunguka ili waweze kufikia uzi uliokatika.

Mtu asidhani kwamba picha zilipoonekana mambo yakaisha. Mwaka 1916 ilitungwa sheria ya kuzuia bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto zisivuke mipaka ya majimbo. Mwaka 1918 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitangua, majaji watano dhidi ya wanne. Na aliyefungua kesi hiyo hakuwa tajiri, bali baba wa wavulana wawili waliofanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Charlotte. Alidai haki ya ujira wa wanawe. Sheria iliyodumu ilipatikana mwaka 1938, miaka 30 tangu Hine aondoke darasani. Yeye alifariki mwaka 1940, akiwa maskini.

Ndugu msomaji, habari ya baba yule ndiyo iliyoninyima usingizi. Kabla ya kuingia ofisini nilikuwa mwalimu katika tambarare inayolimwa pamba. Kila msimu wa mavuno madawati yalibaki matupu. Baba mmoja alinijia kwa adabu akasema, "Mwalimu, bila mikono ya binti yangu deni la mbegu halitalipika." Sikuwa na jibu. Binti huyo hakurudi, nami katika daftari la mahudhurio, mbele ya jina lake, niliandika neno moja: mtoro. Sikwenda shambani hata siku moja kumtazama.

Hine naye alikuwa mwalimu. Angeweza kuandika neno kama langu na kufunga daftari. Yeye aliwafuata watoto walipo, akaandika kimo, ujira na saa za kazi.

Siku hizi hupitia mezani kwangu taarifa za mahudhurio kutoka shule nyingi, na kila moja ina safu ya watoro. Tangu niliporudi, huzirudisha kwa walimu wakuu nikiwaomba waongeze safu ya pili: mtoto yuko wapi, na anafanya kazi gani. Wengine hunung'unika kuwa ni usumbufu. Wachache wamekwisha kwenda kutazama.