Tembe Ilijua Kusikiliza

Watu waliojenga tembe za Unyaturu na Unyiramba, huku Singida, hawakuwa na redio akilini. Walijikinga na upepo wa nyanda hizi, ambao haupumziki, na baridi ya Juni na Julai. Kuta zilikuwa za miti iliyokandikwa udongo. Paa lilikuwa bapa, la magogo na fito, likatandazwa nyasi na kufunikwa udongo. Ndani mlijaa vilindo vya mtama na uwele, ngozi za kulalia, kuni na vibuyu. Redio ilipoingia humo ilikuta chumba ambacho wajenzi wa studio za leo hukigharamia fedha nyingi: ukuta wa udongo usionyooka, dari inayomeza mwangwi, vitu vya kila umbo katika kila pembe. Sauti ilitoka, ikamfikia msikilizaji, ikaishia hapo. Hakuna neno lililorudi kutoka ukutani kuja kulikanyaga neno lililofuata.

Nimekulia ndani ya sauti hiyo, upande wa Ikungi, na nimeitafuta tangu tulipohamia nyumba ya matofali.

Redio yetu ilikuwa National, aina ambayo kiwanda cha Matsushita kilikuwa kikiiunganisha Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Spika yake ilikuwa moja, ndogo kama kiganja cha mtu mzima. Mawe yake, yaani betri, yakichoka yalianikwa juu ya paa, jua likayapa nguvu ya kufikisha taarifa ya habari ya usiku, kisha yakazimika tena. Kwa sababu hiyo baba hakuruhusu muziki mwingi. Mawe yalihifadhiwa kwa ajili ya habari, matangazo ya vifo, na kipindi cha Mama na Mwana, ambacho watoto wa kitongoji kizima walikuja kukisikilizia kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio, wazee walikaa kwenye vigoda, kinamama kwenye mikeka, na redio ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, usawa wa masikio ya waliokaa. Hakuna aliyewafundisha kuiweka pale. Waliona tu kwamba ikiwekwa chini sauti inazama, na ikiwekwa juu sana maneno yanapita vichwani.

Baadaye vijana wakapata redio kaseti, na wao ndio waliogundua mtungi. Spika ikitolewa kwenye ganda lake na kulazwa juu ya mdomo wa mtungi wa maji mtupu, besi inazaliwa. Gitaa zito la Morogoro Jazz, ambalo kwenye spika tupu lilikuwa mnong'ono, lilisikika hadi kwa jirani. Mama alilalamikia mtungi wake, lakini wale vijana walikuwa wamefikia jibu la swali ambalo linamsumbua kila anayenunua spika bapa leo.

Swali lenyewe ni hili. Spika inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma. Kwa sauti nyembamba haina madhara makubwa, lakini besi ni wimbi refu. Sauti ya hezi 50 ina urefu wa karibu mita 7. Wimbi refu namna hiyo linazunguka ukingo wa spika, la mbele linakutana na la nyuma, na yote mawili yanauana. Sanduku, au mtungi, linalifungia lile la nyuma. Redio za zamani zenye makasha ya mbao, na runinga za chogo baada yake, zilikuwa na kina cha kufanya kazi hiyo. Runinga bapa iliyoning'inizwa sebuleni haina. Spika zake ni nyembamba, nyingi zinaelekea chini au nyuma, na msomaji wa habari anakuwa kama anazungumza na ukuta.

Nyumba nayo imebadilika. Singida mjini leo, kuanzia Mandewa hadi Utemini, sebule mpya ina kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta na rangi ya kung'aa, marumaru sakafuni, dari ya jipsamu, na madirisha makubwa ya vioo na alumini. Inapendeza kwa macho, na mwenye nyumba amevuja jasho kuifikia. Alizeti na vitunguu vimejenga nyingi ya nyumba hizi. Lakini piga kofi moja katikati ya sebule hiyo kabla ya kuingiza makochi, usikilize jinsi linavyolia na kuendelea kulia. Kila neno la mtangazaji hupata mateso hayohayo. Tunaona hatusikii vizuri, tunaongeza sauti, na mwangwi unaongezeka pamoja nayo. Kisha tunakwenda dukani kununua sabufa.

Nina huzuni ya kweli kuhusu sabufa. Boksi limeandikwa maelfu ya wati, wakati kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme inaoutumia kinataja wati chache tu. Kifaa hakiwezi kutoa mfululizo nguvu ambayo hakiiingizi. Na kile inachokitoa ni mdundo. Nyimbo nilizokulia zilirekodiwa karibu zote katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima mbele ya maikrofoni chache, na uzuri wake umo katikati: sauti ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, magitaa yanayopokezana, tarumbeta, na maneno, zaidi ya yote maneno. Wanamuziki wa Mlimani Park walikuwa wanasimulia kisa kizima ndani ya wimbo mmoja. Ukiupitisha wimbo huo kwenye sabufa iliyofunguliwa besi hadi mwisho, kisa kinapotea na kinachobaki ni ngurumo. Kijana aliyezaliwa mwaka 2000 huniambia zilipendwa hazina ladha, na ninamwelewa, kwa sababu hajawahi kuzisikia.

Hapo ndipo spika bapa zilipoanza kunipa matumaini. Wazo lake si geni. Mwaka 1957 Peter Walker wa Uingereza alianza kuuza Quad, spika ya utando mwembamba unaosukumwa kwa umeme, na mpaka leo wapo wanaoamini kwamba hakuna kilichowahi kutoa sauti ya mwanadamu kwa ukweli kuliko ile. Ilikuwa ghali. Za siku hizi zinatumia njia rahisi: kifaa kidogo, mduara usiozidi kiganja, kinabandikwa nyuma ya ubao mwepesi na kuutetemesha mzima. Fundi mmoja wa redio hapa mjini ananitengenezea kwa plaiwudi nyembamba. Amejaribu hata lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya friji, nalo linaimba vizuri kuliko linavyoonekana. Besi ni haba, kama fizikia inavyotaka. Lakini katikati, pale wanapokaa Mbaraka na wenzake, ubao huo unasema kweli.

Kosa kubwa ninaloliona majumbani ni kuzipigilia ukutani kama picha. Ubao unaotetemeka hutoa sauti pande zote mbili, na ile ya nyuma ikigonga saruji iliyo karibu hurudi mara moja kuivuruga ya mbele. Upe nafasi, sentimita 60 kwa uchache, mita moja ikiwezekana. Kama sebule ni finyu, zisimamishe kwenye stuli wakati wa kusikiliza, kisha zirudishe pembeni. Zielekezwe kwa wasikilizaji, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, na umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali wa kutoka kwazo hadi kwenye kochi. Wazee wa mwaka 1973 wangetambua mpango huu.

Kabla ya yote, angalia waya. Spika mbili zikiungwa kinyume, chanya ya moja ikiwa hasi ya nyingine, moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, na besi kidogo iliyokuwepo inatoweka. Weka wimbo wenye mwimbaji mmoja, kaa katikati. Sauti yake ikisimama mbele yako, waya ziko sawa. Ikiwa imetawanyika na hujui inatoka wapi, badilisha nyaya za spika moja tu, usikilize tena. Jambo hili halina gharama, na nimekuta nyumba nyingi zikiishi na kasoro hiyo miaka nenda rudi.

Sabufa usiitupe. Ipe kazi ambayo ubao hauiwezi, nayo ni sauti za chini tu, na uipunguze mpaka usijue kwamba inacheza, ila ukiizima uone kuna kilichopungua. Isogeze mbali na kona, maana kona huivimbisha besi.

Chumba ndicho kilichobaki, na chumba ndicho kigumu, kwa sababu hakuna anayetaka kurudi kwenye tembe, mimi pia sitaki. Paa lilivuja masika, nyoka walishuka humo, moshi ulitutoa machozi. Lakini tulipohamia kwenye matofali tuliacha nyuma kila kitu kilichotuliza sauti. Pazia zito lenye mikunjo, si kile kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi, linatuliza kioo. Mkeka mnene au zulia kati ya spika na kochi linatuliza marumaru. Kabati la vitabu, au hata rafu yenye vitu visivyolingana, linauvunja ukuta mtupu nyuma ya msikilizaji. Shangazi yangu huweka magunia ya alizeti sebuleni msimu wa mavuno, kwa kukosa stoo, na kwa wiki hizo sebule yake ina sauti nzuri kuliko hoteli yoyote ya mjini.

Kinachoniuma hakirekebishwi na pazia. Zamani redio moja iliwanyamazisha watu wazima na watoto pamoja, kwa sababu mawe yalikuwa yanakwisha na tangazo halikurudiwa. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika, mawe si tatizo tena, kila mtu ana simu yake na nyimbo zake, na spika inacheza tangu asubuhi bila mtu kuisikiliza. Mama yangu hakujua besi ni nini, lakini angeweza kukusimulia mchezo mzima wa redio wa jana, na sauti za kila mhusika.

Tembe zilizobaki ni chache na kila masika inaangusha nyingine. Wewe mwenye bibi au babu anayeishi bado ndani ya moja, huko Ikungi, Mkalama au Iramba, chukua simu yako ukaingie naye, uzime kila kitu kingine, umrekodi akisimulia au akiimba humo ndani. Kisha ilete rekodi hiyo mjini, uiweke kwenye spika nzuri zilizokaa mbali na ukuta, na umwite aje asikilize.