Forró Usiku wa Manane

Ukiwaambia washkaji kwamba uko Brazili, wote wanauliza samba. Samba ipo, tena tele, lakini Ijumaa ile São Paulo, wakati wenye akili zao wanatafuta treni ya mwisho, mimi nilipelekwa kwenye forró. Sijutii hata chembe.

Wenyewe hutamka kama "foho", h inatoka kooni. Ni muziki wa kaskazini mashariki ya nchi ile, kule kwenye ukame, ambako watu walihama kwa wingi kufuata kazi za viwandani na za ujenzi huku kusini. Walikuja na mabegi, njaa na akodiani. Mfalme wao ni Luiz Gonzaga, aliyezaliwa Exu, jimbo la Pernambuco, mwaka 1912, akafariki 1989. Siku yake ya kuzaliwa, 13 Desemba, ndiyo siku ya taifa ya forró. Kuna hadithi maarufu kwamba jina lilitokana na Waingereza wajenzi wa reli waliokuwa wakitangaza dansi zao kuwa ni za watu wote. Hadithi tamu, ila wanaochunguza maneno wanasema ni kifupi tu cha forrobodó, neno la zamani la sherehe ya vurugu. Mimi nawaamini hao, maana niliyoyaona yalikuwa ya vurugu kweli.

Ukumbi wenyewe uko mtaa wa Pinheiros, katikati ya gereji na duka la dawa. Hauna bango. Ndani ni padogo, chumba cha darasa cha kwetu kinaushinda. Mlangoni baunsa anaangalia kitambulisho, dada mmoja anaandika jina lako na kukukabidhi kadi. Kadi hiyo wanaiita comanda, na naomba uielewe vizuri kwa sababu nitairudia. Kwetu bia ikifika mezani unalipa, mmemalizana. Kule hulipi kitu usiku kucha. Kila unachokunywa kinaandikwa kwenye kadi, na wakati wa kuondoka unapanga foleni kwa keshia, unalipa, unapewa kikaratasi, unamkabidhi baunsa. Bila kikaratasi hutoki. Ukipoteza kadi, faini yake itakufanya uitafute hata chooni.

Bendi ni watu watatu. Mmoja anapiga akodiani, mwingine pembetatu ya chuma, wa tatu ngoma iitwayo zabumba, ambayo juu inapigwa kwa rungu zito na chini kwa kijiti chembamba. Basi. Hakuna gitaa, hakuna kinanda. Mimi niliyezoea kusikia akodiani ikilia taratibu kwenye taarabu ya Unguja nilibaki mdomo wazi, maana hapa chombo kilekile kinakimbia kama kinadaiwa.

Mnacheza wawili wawili, kifua kwa kifua, hatua mbili huku, mbili kule. Wimbo ukiisha mnashukuriana na kila mtu anatafuta mwenzake mwingine. Wala si mahaba, ni adabu ya mahali. Mama wa miaka sitini alinichukua mkono bila kuniuliza, akanizungusha hadi shati likashikana na mgongo, kisha akaniacha palepale akamfuata kijana mwingine.

Aliyefuata alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu wa kusini kabisa, Kiingereza chake na changu vikakutana njiani. Kabla hatujaanza alinyoosha shingo kuangalia nyuma ya bendi.

"Unatafuta mtu?" nikamuuliza.

"Natafuta mlango wa pili."

Januari 2013 alikuwa mwanafunzi chuoni Porto Alegre. Usiku wa tarehe 27 mwezi huo, katika mji wa Santa Maria jimboni kwao, klabu iitwayo Kiss iliungua. Mwanamuziki aliwasha fataki jukwaani, cheche zikashika sponji ya darini iliyowekwa kuzuia sauti, na moshi wake ulikuwa sumu. Walikufa watu 242, wengi wao wanafunzi. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Wengi walikutwa vyooni, wakidhani ndiko njia. Na hapa ndipo kadi inaporudi: walionusurika walieleza kwamba mwanzoni walinzi waliwazuia watu, wakidhani wanakimbia bila kulipa.

Nilikumbuka Tabora. Oktoba mosi 2008, Idi, disko toto, watoto wapatao 20 walikufa kwa kubanana na kukosa hewa ukumbini. Nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka mama alizima redio katikati ya taarifa.

Mlango wa pili ulikuwepo, kushoto kwa jukwaa. Mwalimu akausukuma, ukafunguka vizuri tu. Nje yake, kwenye kichochoro, kreti za chupa tupu zilikuwa zimepangwa hadi kimo cha bega. Akaenda kumwambia jamaa wa kaunta. Jamaa akapandisha mabega, akasema gari la bia linakuja asubuhi.

Kwa kweli nilitegemea yaishie hapo, ndivyo mambo mengi yanavyoisha. Bendi ilipopumzika akaanza kuzibeba mwenyewe, kreti moja moja, kuzipeleka mwisho wa kichochoro. Nikashika ya pili. Mpiga zabumba akaja, sigara mdomoni. Kisha yule mama wa miaka sitini, na vijana wawili waliodhani ni mchezo. Dakika kumi hivi. Jamaa wa kaunta alitutazama tu, halafu akatuletea maji ya baridi na hakuyaandika kwenye kadi ya mtu.

Ndipo tukacheza, na safari hii hakuangalia nyuma.

Saa kumi usiku foleni ya keshia ilikuwa imejaa korido nzima hadi mlango mkubwa, watu wanapiga miayo, kadi mkononi. Zangu zilikuwa bia tatu, pamoja na pesa ya wanamuziki ambayo huongezwa kwenye hesabu ya kila mtu. Nilimpa baunsa kikaratasi changu, akakisoma mbele na nyuma, akasogea pembeni.