Nesi wa Kanga Tatu

Saa saba na dakika kumi usiku kondo la nyuma lilikuwa bado halijatoka. Mtoto alikuwa amezaliwa saa sita na nusu, wa kike, akalia vizuri, na sasa alikuwa kifuani kwa bibi yake. Mama nilishamchoma oksitosini, nikamwekea mpira wa mkojo na dripu ikawa inakwenda kasi. Kila nikivuta kitovu taratibu, mkono wangu unasikia kabisa kwamba kitu kimegoma. Damu ilikuwa imelowesha kanga mbili na ya tatu inaanza. Zahanati yetu ya kijijini, huku wilayani Sengerema, haina chumba cha upasuaji wala benki ya damu. Mimi nilikuwa na wiki tatu kazini, na sikuwahi kusindikiza mgonjwa wa rufaa.

Nikapiga 115. Namba hiyo ni ya bure, na nashukuru, maana simu yangu haikuwa na salio. Ilipokewa na mwanamke wa kituo cha mkoa. Maswali yake yalikuwa mafupi na yenye mpangilio: uzazi wa ngapi, amejifungua saa ngapi, presha, mapigo ya moyo, kisha, "Kanga ngapi zimelowa?" Nikajibu, ya tatu inalowa. Nikamsikia anabofya. Kuna programu mbele yake inayomwongoza nini cha kuuliza, halafu inamwonyesha hospitali ya kumpeleka mgonjwa na usafiri ulio karibu. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine. "Nimepata dereva wa jamii, dada. Anakuja. Mwandae mama."

Huo ndio mpango wa m-mama. Ulijaribiwa kwanza hapa Sengerema na kule Shinyanga, kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajauzindua kitaifa mjini Dodoma, Aprili 2022. Chuoni tulikariri ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito, ule ulioelezwa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Niliuandika kwenye mtihani nikapata alama zote. Usiku ule ndipo nilipojua kuwa huo wa pili una harufu ya damu na sauti ya mbwa wakibweka gizani huku umekaza masikio kusikia kama kuna injini inakuja.

Ikaja. Ilikuwa mchomoko, Probox nyeupe, kiti cha nyuma kimelazwa na juu yake godoro lililofunikwa turubai. Dereva hakuuliza habari ya nauli. Tulipokuwa tunampakia mama, bibi alifungua pindo la kanga yake akatoa noti zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama kidole. "Mwanangu, pokea hizi, nyingine tutatafuta asubuhi." Yule kijana akamfumba mkono taratibu. "Funga, bibi. Hela yangu itaingia kwenye simu mgonjwa akishapokelewa." Bibi akanitazama, kama anauliza iwapo hilo ni kweli. Nadhani alikuwa akiwakumbuka waliobishana bei mpaka kukakucha.

Njia yetu ni ya vumbi, na mvua zilikuwa zimeichimba. Nilipiga magoti pembeni ya mama, mkono mmoja umeinua chupa ya dripu, mwingine uko tumboni unasugua mfuko wa uzazi usilegee. Mapigo nilikuwa nikiyaandika kwa kalamu kiganjani kwangu: 112, 118, 124. Kuna bonde mtandao unapokatika kabisa. Mle bondeni nilimwita jina lake mara nyingi kuliko nilivyohesabu pumzi zake, naye akawa ananiitikia kwa kope tu. Simu haisugui tumbo, wala haizibi damu. Lakini tulipopanda kilima ikaita, na sauti ileile ikauliza, "Mapigo?" Nikamsomea kiganja changu. "Nawapa taarifa hospitali sasa hivi."

Tulipoingia getini machela ilikuwa nje. Muuguzi aliyevaa glavu tayari akasogea mlangoni. "Wewe ndiye nesi wa kanga tatu?" Nikashindwa kujibu. Daktari alishaamshwa, na mtu wa maabara alikuwa amesimama na sindano ya kuchukua damu ya kupima kundi. Sikulazimika kueleza chochote upya; maneno yangu yalikuwa yamefika kabla yetu.

Takwimu za kitaifa zinasema vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Sitaipa simu sifa zote hizo. Kuna wakunga, vituo vipya, na dawa. Ninachojua ni ule ucheleweshaji wa tatu, ambao usiku huo sikuuona.

Kondo lilitolewa, akaongezewa chupa mbili za damu. Alfajiri 115 wakapiga. "Mama anaendeleaje?" Nikamwambia mapigo ni 92, ameomba uji. "Na mtoto?" Ananyonya. "Asante, dada. Naifunga rufaa." Nje dereva alikuwa anaosha turubai kwa ndoo. Bibi alimshikia tochi, ingawa kulikuwa kumekucha.