Maji ya Pangoni Mangapwani

Mangapwani iko pwani ya magharibi ya Unguja, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya mji. Watalii huenda huko kutazama mambo mawili. La kwanza ni chumba cha chini kwa chini, ambacho husimuliwa kuwa watumwa walifichwa humo baada ya Sayyid Barghash kutia saini, mwaka 1873, mkataba wa kuizuia biashara yao. La pili ni pango la matumbawe lenye maji matamu. Husemwa kuwa mtoto mmoja mtumwa aliligundua alipofuata sauti ya mbuzi wake aliyepotea.

Nilipoteremka pangoni nilimkuta bibi mmoja, amefukiza ubani, na mjukuu wake mwenye homa amemlaza mapajani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wenyewe wa pango watamponya huyu.”

“Hospitali ameshapelekwa?”

“Bado.”

Ndugu msomaji, jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Epidauros, katika nchi ya Ugiriki, wagonjwa wa kale walikuwa wakilala usiku katika hekalu la Asklepios, wakitaraji kuponywa ndotoni. Leo hekalu hilo ni magofu, na watalii huketi katika uwanja wake wa michezo ya kuigiza, uliojengwa kwa mawe katika karne ya 4 kabla ya Nabii Isa, wenye nafasi ya watu wapatao 14,000. Asklepios haabudiwi tena huko, lakini elimu ya tiba ya Wagiriki ilibaki. Katika karne ya 9, huko Baghdad, Hunayn bin Is-haq alivifasiri kwa Kiarabu vitabu vya tabibu Galen, na baadaye Ibn Sina akaiendeleza elimu hiyo. Waislamu waliipokea dawa, wakaliacha sanamu.

Nikamwambia, “Bibi, maji haya ameyaumba Mwenyezi Mungu, wala hayana mwenyewe mwingine. Tumwombe Yeye, kisha tumpeleke mtoto kwa daktari.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Basi mchukue mtoto, nami nishike mkono, ngazi hizi zina utelezi.”

Enyi vijana, nendeni Mangapwani mkazingatie. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Na mkimkuta mzee wenu pangoni, msimkemee. Mwelezeni kwa upole, kisha mpandisheni juu.