Barabara ya Wachungaji: Kutoka Kakamega hadi Kaimosi na Mbale

Shukrani za watu wa Kakamega kwa wachungaji waliowatia moyo na kufanya urafiki nao zina historia ya zaidi ya miaka mia moja. Sehemu kubwa ya historia hiyo iko kando ya barabara kuu inayotoka mjini Kakamega kuelekea Kisumu, na kando ya tawi lake linalokata kushoto pale Chavakali hadi Kaimosi. Niliifuata njia hiyo kwa matatu na kwa bodaboda. Kaimosi na Mbale leo ziko katika kaunti ya Vihiga, lakini hadi mwaka 1990 zilikuwa ndani ya wilaya ya Kakamega, na makanisa ya pande zote mbili yana mizizi ileile.

Mji wa Kakamega ulipata sifa kwa dhahabu. Mlowezi Mmarekani aliyeitwa Louis Johnson aliipata mwaka 1931, na muda si muda wachimbaji Wazungu wakamiminika, wengi wao wakulima waliokuwa wameumizwa na kuanguka kwa bei za mazao. Mgodi mkubwa ulikuwa Rosterman, karibu na mji, uliofungwa mwaka 1952. Hata sasa wapo wanaochimba kwa mikono katika eneo hilo. Shida ilikuwa ardhi. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine badala yake. Desemba 1932 ahadi hiyo ilibadilishwa haraka, ili wanaoondolewa kupisha migodi walipwe fedha tu.

Mmoja wa waliopinga kwa sauti kubwa alikuwa mchungaji. Walter Edwin Owen, Mwanglikana aliyekuwa tangu mwaka 1918 Arkidikoni wa Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa wakati wa ukoloni, aliandika barua kwa magazeti ya Uingereza, hasa Manchester Guardian, akieleza wazi kwamba serikali imevunja neno lake. Walowezi walimchukia hata wakambandika jina la shetani mkuu wa Kavirondo. Miaka tisa kabla, mwaka 1923, alikuwa ameongoza kuundwa kwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, kilichopeleka malalamiko ya watu mbele ya serikali na kuhimiza usafi, kilimo na elimu. Walikuwapo vijana wa wakati ule walioona kwamba alipunguza makali ya siasa zao kwa kuziweka chini ya uenyekiti wa Mzungu, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Hata hivyo, mtu aliyekuwa tayari kutukanwa na watu wa rangi yake kwa ajili ya shamba la jirani yake anastahili kuitwa rafiki, na historia ya Kakamega haina budi kumtaja kwa heshima. Mwaka 1932 huohuo Waluhya wenyewe waliunda chama chao cha Kavirondo Kaskazini kutetea ardhi, na wengi wa waanzilishi wake walikuwa vijana waliosomeshwa katika misheni ya Kaimosi.

Matatu ikitoka mjini hupita Ilesi, ambako vyungu vya udongo hupangwa kando ya lami na jiwe refu linalotiririsha maji huonekana kileleni mwa kilima. Mbele yake ni Khayega na Mukumu, ambako mapadre Wakatoliki wa Mill Hill walianza kazi mwaka 1906. Chavakali inahusishwa na Yohana Amugune, mmoja wa waumini wa kwanza wa Kanisa la Marafiki lililotokana na misheni ya Kaimosi, aliyefanya kazi ya kufundisha na kuhubiri miongoni mwa watu wake. Hapo nilibadilisha gari. Barabara ya Kapsabet hupita Mudete penye kiwanda cha chai, na kadiri inavyokaribia Kaimosi hewa hupoa na miti mirefu hurudi, mabaki ya msitu uliokuwa umeungana na ule wa Kakamega.

Misheni ya Kaimosi ilianzishwa mwaka 1902 na Wamarekani watatu: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Walikuwa Marafiki, ambao pia huitwa Wakweka, dhehebu lililoanza Uingereza katika karne ya 17. Kwa desturi ya kale Marafiki hawakuwa na wachungaji; waliketi kimya wakingoja aongee yule aliyeguswa na Roho. Lakini katika sehemu kubwa ya Marekani, kufikia mwisho wa karne ya 19, makanisa yao yalikwisha kuajiri wachungaji, na mtindo huo ndio uliofika Kaimosi. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani, na karibu wote huabudu wakiongozwa na mchungaji.

Misheni hiyo ilikuwa ya viwanda. Chilson alikuwa fundi wa mikono, na kiwanda cha kupasua mbao kilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza. Jambo hili lina maana kubwa kwa namna urafiki ulivyoanza. Vijana walikuja kwanza kama vibarua, wakafundishwa useremala na uashi, kisha wakafundishwa kusoma. Wageni nao walitegemea vibarua haohao kwa lugha, kwa njia za msituni na kwa kukubalika na wenyeji. Daudi Lung'aho na mkewe Maria Maraga ndio mfano unaojulikana zaidi: walikuwa kati ya waumini wa kwanza, na nyumba yao ikawa ushahidi mbele ya majirani kwamba imani hii si ya Wazungu pekee. Mwana wao, Thomas Lung'aho, baadaye alikuwa katibu mtendaji wa Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki wa Marafiki, ulioanzishwa mwaka 1946. Kwa hiyo anayeandika kwamba wamisionari waliwatia moyo wenyeji ameandika nusu ya habari. Wenyeji waliwatia moyo wamisionari kwanza, kwa kuwapokea.

Urafiki huo haukukosa kuvunjika. Mwaka 1927 mahubiri ya Chilson kuhusu Roho Mtakatifu yaliwasha moto Kaimosi. Watu waliungama dhambi hadharani, wakalia na kuomba kwa sauti. Viongozi wengine wa misheni na wazee wa kanisa waliona hatari, na waliokolea katika uamsho huo walitengwa. Kutoka kwao likazaliwa Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu, ambalo lipo mpaka leo. Waliotengwa walitiwa moyo na mchungaji mmoja, kisha wakafungiwa mlango na wenzake. Jeraha hilo ni sehemu ya historia hii na halifai kufichwa.

Urafiki uliozaa matunda ya kudumu kuliko yote ulikuwa upande wa Maragoli. Emory Rees na mkewe Deborah walifika mwaka 1904, baada ya kufanya kazi Afrika Kusini, wakahamia Maragoli miaka michache baadaye. Deborah alifundisha wanawake na wasichana kusoma, kazi iliyopingwa na wazazi wengi wa siku zile. Emory alishika kazi ya kuandika Luragooli, lugha ya Wamaragoli, na kutafsiri Biblia, na mwenzake mkuu akawa Joel Litu, aliyekuwa kijana wakati huo. Mmoja alijua maandiko, mwingine alijua lugha. Hakuna ambaye angemaliza bila mwenziwe. Agano Jipya lilikuwa tayari kufikia mwaka 1925, na mwaka uliofuata akina Rees waliondoka Kenya. Litu hakuacha. Aliendelea na Agano la Kale pamoja na Jefferson Ford, hadi Biblia nzima ya Luragooli ilipochapishwa mwaka 1951, robo karne baada ya rafiki yake wa kwanza kuondoka. Katika historia nzima ya makanisa ya magharibi mwa Kenya sijui shukrani kubwa kuliko hiyo.

Desturi za kumshukuru mchungaji katika eneo hili bado ni za vitu na za miguu. Huletewa kuku, ndizi, debe la mahindi. Akihamishwa au kustaafu, kanisa huchanga, na kina mama humvika mkewe leso. Kazi inayoshukuriwa ni ileile ya miaka yote: kumtembelea mgonjwa, kukesha na wafiwa, kuandika barua ya kumwombea mtoto nafasi ya shule, kupatanisha ndugu waliogombania mpaka wa shamba. Wachungaji wengi wa vijijini hulipwa kidogo na hulima ili waishi.

Kituo cha mwisho cha safari yangu kilikuwa nyumba ya mchungaji mstaafu, nje kidogo ya Mbale, ambaye kwa miaka mingi alinitia moyo kusoma na kuandika, akaniazima vitabu vyake na kusimama nasi tulipomzika baba. "Karibu, mwanangu," alisema, kisha akauliza habari za kila mtu wa nyumbani kwa jina. Nilimwambia waziwazi, "Mchungaji, asante kwa yote." Nilifurahi kuyasema hayo akiwa hai.

Katika sanduku lake la chuma mna barua, picha za mikutano ya zamani na daftari za kumbukumbu za kanisa. Masanduku ya namna hiyo yako katika nyumba nyingi kati ya Kakamega na Kaimosi, nayo mchwa na unyevu haviyaachi. Mwenye karatasi kama hizo na aziweke mahali pakavu, aandike nyuma ya kila picha majina ya waliomo, na nakala azipeleke katika ofisi ya kanisa lake au katika chuo cha theolojia cha Marafiki kilichopo Kaimosi.